Jini Hakosei Timazi

Bahla, Ijumaa, siku yangu ya mapumziko.
Tiketi nimeilipia kwa jasho la zege,
nimevaa shati lenye mikunjo ya sandukuni
nionekane mtalii.
Mikono haikubali. Ina saruji hadi kuchani.

Tuko saba. Mama mmoja wa Romania, Ileana,
anasema kwao kuna mji wa kale juu ya kilima,
una mnara wa saa na nyumba za rangi ya ndimu na waridi,
na kuta zake ni za mawe.
Anaugonga huu wetu kwa kifundo cha kidole
kama mtu anayechagua tikiti maji:
udongo mtupu? Na haujayeyuka?

Huu wetu.
Mwezi wa tisa tu niko Oman,
na ukuta wa watu nimeshauita wetu.

Anayetuongoza ni Thuwaiba.
Wenzangu anawapa Kiingereza,
mimi ananirushia Kiswahili cha bibi yake wa Wete.
"N'kwambie. Ukuta huu uzungukao mji na mitende yake yote,
watu wa kale wasema majini waliujenga usiku mmoja.
Magharibi haupo. Alfajiri upo."

Ileana anaandika. Wengine wanapiga picha.
Mimi nafumba jicho moja.

Ndiyo maradhi yangu, sipiti ukuta bila kuupima.
Nainua kidole gumba mbele ya uso
na hapo, pembeni mwa lango, naona:
kozi tatu zimelala sawa,
ya nne imeinama kama mtu anayesinzia kwenye hotuba,
ya tano imemfuata mwenzake kwa adabu,
ya sita ndiyo iliyoshtuka
ikarudi mstarini.

Jini gani huyo?
Jini hakosei timazi.
Huyo ni fundi. Huyo namjua.
Aliahidiwa malipo mwezi haujaandama,
ukaandama, ukafa,
na msimamizi bado anasema kesho.
Au mwanawe alikuwa na homa.
Au saidia fundi alileta udongo wenye maji mengi,
wakarushiana maneno, makapi yakasahaulika,
na jua la huku mnalijua.
Au alikuwa mvivu tu.
Wavivu nao wamejenga dunia.

Ndani tunaonyeshwa tundu juu ya mlango,
la kummwagia adui asali ya tende ikitokota.
Ileana anacheka: kufa kwa utamu.
Thuwaiba anataja ukoo uliotawala, baba na mwana na mjukuu,
majina marefu kama misafara,
sikushika hata moja.
La fundi hakulitaja, maana halikuandikwa.
Nimemwazima langu basi, hadi jioni:
Mbaruku.

"Wacheka n'ni?"
Namrudisha langoni, namwonyesha.
Naye anafumba jicho, anainua kidole, ananyamaza.
Basi linapiga honi.
"Miaka sita napita hapa," anasema.
Kisha, kwa sauti ya chini:
"Usiwaambie."

Niwaambie nani? Wamelipia majini.

Njia nzima ya kurudi nimekaa dirishani,
chini ya ukucha nina chembe ya udongo wa pale.
Sikuichukua, naapa. Iliniganda tu
nilipoupapasa ule mteremko, mlinzi akiwa kageuka.
Ina rangi ya mkate ulioungua kidogo.

Kesho saa kumi na mbili nipo Sohar, kwenye jumba la watu.
Msimamizi ana kifaa cha taa nyekundu
kinachonyosha kila kitu.
Mshahara wa mwezi wa pili haujatoka.
Ukuta wa gereji tumefika kozi ya tatu.
Ya nne bado haijalazwa.